Kunguni Tuliwachoma, Sindano Tukaiacha

Kambi ya mkonge, Mwera,
Pangani

Mke wangu Mama Saumu,

Assalaam aleykum. Nakusalimu wewe, namsalimu Saumu, na namsalimu huyo aliye tumboni ambaye bado hatumjui kama ni wa kike au wa kiume. Mama mpelekee shikamoo yangu kwanza, kabla hujaendelea kusoma, kisha rudi ndani ukae peke yako. Tumbo laendeleaje? Miguu bado inavimba jioni? Niliambiwa mpunga wa bondeni umekwisha kuvunwa. Ulikwenda mwenyewe kuinama huko, au uliyasikia maneno yangu ukapumzika? Jibu nalijua, lakini nauliza.

Kwa desturi hapa ndipo ningekuandikia kwamba mimi ni mzima wa afya kabisa, wasiwasi ni kwako tu. Leo nitaandika hivi: nakula, nalala, na kila alfajiri nakwenda kukata mkonge. Mengine yamo humu. Soma polepole.

Sikutaka kukupigia simu. Simu ya kaka yako ni simu ya nyumba nzima. Nikipiga inawekwa katikati ya mkeka na kila mtu anasalimia kwa zamu, hata watoto wa jirani. Hili si la mkekani. Ndiyo maana nimempa Kombo barua hii, anavuka kuja huko, na nimemwambia aitie mkononi mwako wewe, si kwa mwingine. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyeishia darasa la tano. Pale utakapokwama rudia tena, usimwite mtu akusomee.

Nakwambia jambo lenyewe sasa hivi, ili usisome huku moyo unadunda. Nimepimwa damu, nimekutwa na homa ya ini, ile wanayoiita B. Siumwi. Macho yangu si ya manjano, tumbo halijajaa maji, nguvu ninazo. Daktari kasema ini langu bado zima, ila niwe narudi kupimwa, na siku ikihitajika dawa nitapewa. Lakini ugonjwa huu hupita kwa damu, hupita baina ya mume na mke, na hupita kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Kwa hiyo nataka wewe nawe uende ukapimwe, na uende kabla hujajifungua.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana habari za kambi huvuka maji zikafika zimeharibika, na wewe unatakiwa kuujua ukweli wake.

Chumbani kwetu tulikuwa wanne. Mimi ndiye Mpemba peke yangu. Alikuwapo Bakari, Mbondei wa Muheza, yule niliyekutajia mara nyingi, aliyenifundisha kushika kisu cha mkonge nilipokuja mara ya kwanza. Yupo Omari, Mdigo, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi. Na yupo Mzee Salehe wa hapa hapa Pangani, ambaye amekata mkonge tangu sisi hatujaoa.

Jani la mkonge mwisho wake ni mwiba mweusi, mgumu kama msumari. Ukiinama kukata la chini, la juu linakuchoma. Mara nyingi ncha hukatikia ndani ya nyama, na usipoitoa siku ile ile, kesho mkono umevimba na kisu hakishikiki. Basi sisi tukirudi shambani mchana, tukishanawa na kuswali adhuhuri, tunakaa kibarazani, mmoja anampa mwenzake kiganja, naye anamchokonoa miba kwa sindano. Mkono wako mwenyewe huuwezi, hasa wa kulia. Sindano yenyewe ilikuwa moja, imechomekwa kwenye mwimo wa mlango. Niliikuta hapo nilipofika. Ukimaliza unaifuta kwenye suruali na kuichomeka mahali pake. Mazungumzo yetu yote yako hapo, na mizaha yote. Bakari akinichokonoa alikuwa haachi kunitania.

"We Mpemba, kwenu karafuu hazina miba, ndiyo maana unalia."

"Silii, yakhe. Ni macho yanatoa maji."

"Basi kinga ndoo, maji ya kambi yamekatika tangu jana."

Tukicheka hivyo, miba inatoka na uchungu huuoni.

Siku moja mkataji wa chumba cha mbali alijikata mguu kwa kisu, jeraha baya. Akapelekwa hospitali, na hospitali wakasema anahitaji damu. Nyapara akaruhusu watu watatu waende kumtolea, wengine tubaki kazini. Bakari alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Huko wanaipima damu yako kabla ya kumpa mgonjwa. Bakari akarudi na uso umemshuka. Angeweza kunyamaza, maana aliambiwa faraghani, lakini hakuona la kuficha kwetu.

"Damu yangu wameikataa," alisema. "Wanasema nina homa ya ini."

Omari aliruka kutoka kitandani kama aliyekalia kaa la moto. "Homa ya ini? Na kunguni wote hawa?"

Mke wangu, kunguni wa hapa sijapata kukueleza vizuri. Wamo katika nyufa za vitanda, wamo ukutani, wamo katika mishono ya magodoro. Ukimponda anaacha doa la damu, na damu hiyo si yake. Omari akamponda mmoja ukutani kwa kidole, akatuonyesha.

"Hii damu ya nani? Semeni. Yangu? Ya Mzee Salehe? Au ya Bakari? Huyu anatoka kwake anakuja kwangu, anatoka kwangu anakwenda kwa Mpemba. Sote tumekwisha!"

Yalionekana maneno yenye akili. Kama ungekuwapo wewe nawe ungesema ana haki.

Kesho yake tuliporudi shambani Omari na Mzee Salehe walikitoa nje kitanda cha Bakari. Godoro wakalichoma nyuma ya choo. Nyufa zote wakazimwagia maji yanayochemka. Sahani yake na kikombe chake Omari akaviweka mbali na vyetu, juu ya jiwe. Bakari amekaa anatazama. Hakugombana na mtu. Alisema tu, "Chomeni na mto, jamani. Mle mna kunguni wakongwe, wananijua kwa jina." Hakucheka mtu.

Sasa sikiliza. Omari wakati anakiburura kile kitanda, kibanzi cha mti kilimwingia kidole gumba. Akakaa kibarazani akitukana kitanda, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuza shingo, akachomoa sindano mlangoni, akampa Mzee Salehe. "Nitolee, mzee." Mzee Salehe akamtolea. Damu ikatoka kidogo, Omari akaifyonza, sindano ikafutwa kwenye suruali, ikarudi mlangoni. Moshi wa godoro bado unapanda. Sindano ile ile jana yake ilikuwa ndani ya kiganja cha Bakari, na mwenye kuishika nilikuwa mimi. Tulikuwepo pale wote wanne, na hakuna aliyeona kitu. Hata Bakari mwenyewe.

Bakari hakulala chumbani tena. Alikusanya nguo zake akaenda kwa dada yake, Ngamiani, Tanga mjini. Mimi nilimbebea mfuko hadi barabarani. Njiani aliniuliza, "Faki, wewe nawe unaogopa kunguni zangu?" Nikamwambia sijui niogope nini. Akasema, "Angalau wewe husemi usichokijua."

Baadaye akaja muuguzi kutoka hospitali, mama wa makamo, Msambaa kwa matamshi yake, anamtafuta Bakari ampe tarehe ya kurudi kupimwa ini. Akaambiwa ameondoka. Akauliza kwa nini. Omari akamweleza habari yote ya kunguni, godoro na maji ya moto, na alikuwa akieleza kama mtu anayengoja kushukuriwa. Yule mama akaomba kigoda akakaa.

"Kunguni mmewaua?" aliuliza.

"Wengi sana, dada."

"Vizuri, mtalala. Lakini homa ya ini hamkuigusa. Haijapata kuonekana kunguni akimpa mtu homa hii. Wala mbu."

"Lakini anakunywa damu!" alisema Omari. "Ya huyu, kisha ya huyu."

"Anakunywa, anashiba, anakwenda kulala. Alishawahi kukutapikia damu ya mwenzako mwilini?"

Mzee Salehe akaguna kicheko. Omari akamtazama vibaya.

"Na vikombe?" aliuliza Omari, sauti sasa imepungua.

"Kikombe hapana. Sahani hapana. Kupeana mikono, kukaa kitanda kimoja, kukohoa, hapana. Niambieni mnashirikiana nini chenye kugusa damu. Wembe?"

"Kila mtu na wake," alisema Mzee Salehe. "Tangu ule ugonjwa mkubwa tulifundishwa."

"Mkasi wa kucha? Mswaki?"

"Mswaki! Astaghfirullah."

"Sindano?"

Hapo Omari akakasirika kweli. "Dada, tuheshimiane. Humu hakuna mla unga. Sisi hatujidungi, sisi ni watu wa kazi. Wallahi sindano haijaingia humu ndani!"

Anaapa hivyo ameegemea mwimo wa mlango, na sindano imechomoza karibu na sikio lake.

Yule mama aliitazama. Sisi tukayafuata macho yake. Akauliza kwa upole, "Na hiyo ni ya nini?"

Mzee Salehe ndiye aliyejibu.

"Ya miba."

"Ya nani?"

"Ya wote, mwanangu."

Hakutucheka na hakutukemea. Alituomba mikono, akavitazama viganja vyetu kimoja kimoja, vile vishimo vyeusi ambavyo wewe huvisugua kwa mafuta ya nazi ninapokuja. Akatueleza kwamba damu kidogo isiyoonekana kwa macho yatosha, na kirusi cha homa hii hukaa hai siku nyingi hata damu ikikauka, na kwamba kufuta kwenye suruali ni sawa na kutofuta. Kila mtu awe na sindano yake na asimwazime mwenzake, kama tulivyojifunza kwa wembe. Akaichomoa ile ya mlangoni kwa karatasi, akaitia ndani ya kopo, akaondoka nayo. Tundu lake lipo mpaka leo kwenye mti.

Sasa tunachokonoana vile vile, ila kila mtu anakuja kibarazani na yake. Lakini tunanyamaza zaidi kuliko zamani.

Kambi nzima tulikwenda kupimwa, kwa lori la shamba, makundi kwa makundi. Mzee Salehe hana kitu. Omari hana kitu, naye kachomwa chanjo ili asipate. Alipopata majibu yake hakupiga kelele zozote, alikuja akakaa pembeni yangu na akakaa hapo muda mrefu. Vyumba vingine wamekutwa wachache. Chumbani kwetu ni mimi.

Nilimwuliza yule mama, nimeipata kwa nani? Kwa Bakari, au Bakari kaipata kwangu? Akanijibu, "Kaka, siwezi kuapia ile sindano. Huenda ni yenyewe, huenda siyo. Wengine wamezaliwa nayo wakakua nayo, hawajui. Swali hilo halina jibu, ukilifuata litakula usingizi wako bure. Lenye jibu ni hili: mkeo yuko wapi?"

Nikamwambia, yuko Pemba, na ana mimba.

Aliiweka kalamu chini. Akasema, "Basi usikae hapa kuniuliza habari za Bakari. Mwandikie leo."

Jumapili, barua hii ikiwa bado haijakwisha, nilikwenda Ngamiani kumwona Bakari. Nilimkuta kwa dada yake anamenya mihogo. Nilipomweleza majibu yangu alisema, "Wazee wetu walikuwa wakichanjana damu makusudi ili wawe ndugu. Sisi tumechanjana bila kualika mashahidi." Dada yake akatuletea chai, vikombe viwili vya namna moja, akakaa akanywa nasi. Nimemwomba Bakari arudi kambini. Omari naye kanituma nimwambie arudi. Bakari kasema atafikiri. Mtu ukishamchomea godoro mbele ya macho yake, kumwita si kazi ya siku moja.

Sasa yako, mke wangu. Nenda kliniki. Usiseme walikwisha kukutoa damu mwanzo wa mimba, maana kipimo hiki si lazima kiwe kilikuwamo. Sema kwa mdomo wako: mume wangu amekutwa na homa ya ini B, nataka nami nipimwe. Ukikutwa huna, uulize habari ya chanjo, na mimi nikija tutatumia kinga mpaka uikamilishe. Ukikutwa nayo, usilie kama mtu aliyeambiwa anakufa. Watakutazama ini, na pengine watakupa dawa siku za mwisho za mimba ili mtoto asiipate. Na huyo mtoto anatakiwa achanjwe siku ile ile anapozaliwa, asingoje zile chanjo za baadaye. Hili ndilo kubwa. Mtu mzima akiipata, mara nyingi mwili wake huishinda. Mtoto mchanga akiipata, hukaa naye maisha. Kwa hiyo usizalie nyumbani safari hii, hata uchungu ukija kwa ghafla na mkunga yuko jirani. Uliza mapema kama chanjo hiyo ya siku ya kuzaliwa ipo hapo kliniki, na kama haipo wakwambie ipo wapi, uende ukajifungulie huko. Kunyonyesha utanyonyesha, yule mama kanihakikishia. Saumu alipata chanjo zake zote, lakini nenda naye, apimwe pia.

Lipo na la Mama. Najua siku ya saba atauleta wembe wake wa kukunja amnyoe mtoto, kama alivyomnyoa Saumu na kama alivyowanyoa watoto wote wa mtaa ule. Wembe ule ni mmoja kwa vichwa vyote. Usimwambie ni mchafu, utamvunja moyo, na mimi alininyoa nao. Nunua wembe mpya, uutie mkononi mwake mwenyewe, umwambie Faki ameagiza mwanawe anyolewe na bibi yake kwa wembe huu. Mkono uwe wake, wembe uwe mpya. Akiuliza sababu, nitamweleza mimi nikija, nikiwa nimekaa chini mbele yake.

Watu wakijua watasema nimeleta maradhi ya bara. Waache waseme. Lakini baina yetu sisi wawili tusiulizane nani kampa nani. Huenda ni mimi, huenda nilizaliwa nayo hapo hapo kijijini. Ukikutwa nayo sitakuuliza, nawe usiniulize. Naogopa, Mama Saumu, sikufichi. Siogopi kufa, kwa maana hilo liko kwa Mungu na daktari kasema si la leo. Naogopa ubaki na karatasi hii chini ya mto ukiona haya, siku zipite, mtoto azaliwe hajachanjwa. Haya hiyo haina faida. Hatukufanya la aibu. Tulikuwa tunatoana miba.

Nisalimie Mama, na umwambie miguu yangu haijapasuka mwaka huu. Msalimie kaka yako, shemeji yangu, na umshukuru kwa kuezeka upande wa jikoni. Nisalimie shangazi anayekuletea maji, umwambie asichoke mpaka nifike. Mwalimu wa Saumu wa chuo cha Kurani naye mpe salamu, najua Saumu anamsumbua. Omari na Mzee Salehe wanakusalimu, na Bakari pia, kwa kinywa chake, kutoka Ngamiani. Nyapara kaniahidi ruhusa ya kuja kabla hujajifungua, na mimi nimemshika neno lake. Lakini usiningoje mimi ndipo uende kliniki.

Baba wengine humtangulizia mtoto nguo kabla hajazaliwa. Mimi nimemtangulizia habari hii. Ni yake, si yako wala si yangu. Mfikishie kliniki.

Ni mimi mumeo,
Faki, Baba Saumu